Mwamba haujui jimbo

Makamanda, tuanze na hesabu ya Wizara ya Maji: visima 900 nchi nzima, majimbo 180, visima vitano kila jimbo. Ni rahisi kuikariri na ni rahisi zaidi kuitamka jukwaani. Mbunge wa Ngara ana vitano, wa Muleba Kusini ana vitano, na yule wa jimbo lenye mchanga mtupu mpaka baharini naye ana vitano. Nani atalalamika? Ni mgao wa haki kabisa, kama pilau ya shughuli, kila mtu sahani yake.

Shida ni kwamba aliyeyaweka maji chini ya ardhi hakuwa na ramani ya Tume ya Uchaguzi.

Najua wengi humu mmezoea niandike habari za katiba na kesi. Leo naandika habari za mawe. Nivumilieni, mtaona ni yale yale.

Mtu wa Dar akisikia Kagera anawaza ndizi, senene na ziwa. Bukoba mjini tunapata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Sasa swali la mtoto wa darasa la tatu: mvua yote hiyo, na ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mlangoni, iweje mama wa kijiji cha mlimani Muleba ashuke genge na dumu mwezi wa nane kutafuta chemichemi? Ukiwauliza wakubwa watakwambia bajeti, watakwambia mabadiliko ya tabianchi, watakwambia wananchi wanakata miti. Yote yana ukweli kidogo. Lakini jibu la kwanza liko chini ya miguu yako.

Sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba imekaa juu ya mawe ya mchanga ya kale sana, ya mamia ya mamilioni ya miaka. Wanajiolojia wameyapa hata jina la mji wetu, wanayaita mawe ya Bukoban. (Nshomile tunapenda sifa, na hii tumeipata bila kusoma.) Usiwaze mchanga wa ufukweni. Haya yamegandamizwa na kushikamana mpaka yamekuwa magumu, na ukivunja kipande ukakitumbukiza kwenye ndoo kitakunywa maji kidogo sana. Maji ya kuchota hayamo ndani ya jiwe lenyewe. Yamo kwenye nyufa zake. Na ukitaka kuziona nyufa hizo huhitaji shahada, yatazame tu yale magenge yanayoangalia ziwa. Kuna mistari iliyosimama, mistari iliyolala, mahali mti umeotea kwenye ufa, mahali maji yanachuruzika na chini yake pamekuwa kijani mwaka mzima. Genge lile ni picha ya kilichoko chini ya kibanja chako.

Kwenye mchanga wa bondeni ukichimba hapa au pale, utakuta maji karibu kina kile kile. Kwenye mwamba wa nyufa, mashine inaweza kushuka mita 100 ikatoa vumbi, kisha ukasogea hatua hamsini ikakata ufa na maji yakapanda. Aliyechimba pa kwanza hakuwa mzembe lazima, na aliyechimba pa pili si mganga. Tofauti ni nani alitafuta ufa kabla ya kuwasha mashine. Na ufa unatafutwa: kuna picha za anga zinazoonyesha mistari mirefu ya mipasuko, kuna vipimo vya umeme vinavyopitishwa ardhini kujua wapi jiwe ni zima na wapi limepasuka au limeoza, na kuna wazee wa kijiji wanaojua chemichemi ipi haijawahi kukauka. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa na haina utepe wa kukata.

Mgao wa vitano kwa kila jimbo hauulizi lolote kati ya hayo. Unaanza na idadi, halafu unatafuta pa kuipachika. Inawezekana jimbo moja la Kagera linastahili visima ishirini kwa sababu nyufa zipo na watu hawana chanzo kingine. Inawezekana jirani yake hastahili hata kimoja, bali anastahili chemichemi zake kumi zijengewe vizuri na kulindwa. Muleba ina majimbo mawili, Kaskazini na Kusini, kwa hiyo kwa hesabu ya jukwaani ina visima kumi. Kwa nini si vitatu? Kwa nini si arobaini? Jibu la kitaalamu halipo, kwa sababu kilichohesabiwa ni viti vya Bunge.

Kabla ya hapo tulishaletewa mitambo. Kwenye ule mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, Wizara ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima. Sina ugomvi na mitambo. Ila mtambo bila utafiti ni jembe la bei mbaya. Unachimba haraka zaidi mashimo makavu, basi.

Kijijini kwa bibi yangu, huko huko Muleba, kuna kisima chenye kibao cha uzinduzi. Kijiji sikitaji, wala mkandarasi simtaji. Kilizinduliwa masika, ngoma zikapigwa, maji yakatoka mengi tu. Kufika Agosti pampu ikawa inakohoa hewa. Oktoba mvua zikarudi, kikafufuka. Bibi anasema kile ni kisima cha wageni, kinatoa maji wakija wakubwa. Watu wamecheka sana utani huo, lakini ndani yake kuna jambo la kitaalamu ambalo Wizara ingelichukua lingeokoa mabilioni.

Mwamba wa nyufa hauna ghala kubwa. Ufa mmoja mzuri unaweza kutoa maji kwa kasi leo na kesho, ukadhani umepata mto, kumbe unanyonya kilichoko kwenye ufa tu, na ufa ule haujaunganika na nyufa nyingine za kutosha. Ndiyo maana kisima cha namna hii hupimwa kwa kuvutwa maji mfululizo, saa 24, 48, hata 72, huku mtu anarekodi maji yameshuka kiasi gani na baada ya kuzima pampu yamerudi kwa kasi gani. Kurudi ndiko kunakosema ukweli. Ukivuta kwa saa mbili tatu mwezi wa Aprili, katikati ya masika, ukaandika "kisima kina maji ya kutosha", umempima mtu uzito akiwa ametoka kula karamu.

Na sasa nisikilizeni kwenye mkataba, maana hapa ndipo somo langu lilipo. Mkataba wa kuchimba ukimlipa mkandarasi kwa mita, faida yake iko kwenye kushuka. Atashuka hata kama jiwe limeshasema hapana, kwa sababu mita ya tisini inalipwa hata kama ni kavu. Wengine wakasema basi tuandike "hakuna maji, hakuna malipo". Inasikika vizuri, na jukwaani inapigiwa makofi. Lakini itazame vizuri: sasa faida ya mkandarasi iko kwenye kuonyesha maji siku ya makabidhiano. Atapima masika, atapima saa chache, atachagua bonde lenye tope kando ya mto hata kama watu wako juu mlimani, na hasara ya mashimo makavu ataiingiza kwenye bei ya yale yaliyopata. Mikataba yote miwili imeacha nje yule anayepaswa kusimama katikati: mtaalamu wa maji chini ya ardhi asiyelipwa na mchimbaji, anayekaa pale saa zote na daftari, na mwenye mamlaka ya kusema hiki hakipokelewi mpaka kipimwe tena Agosti. Ukimkuta mtaalamu huyo kwenye mkataba wa kijiji chako, nitumie picha.

Msidhani haya ni ya kwa bibi yangu peke yake. Wachambuzi wa Benki ya Dunia walichukua takwimu za serikali yenyewe, zile za kuweka vituo vya maji kwenye ramani mwaka 2015, wakakuta takribani asilimia 29 ya vituo havifanyi kazi, na katika hivyo vilivyokufa, asilimia 20 vilikufa ndani ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, jamani! Kisima hakijazeeka, pampu haijachoka. Kingine kilikosea mapema, mahali kilipochimbwa au namna kilivyochimbwa. Halafu ndiyo tukaambiwa lengo lilikuwa asilimia 85 vijijini kufikia 2025. Asilimia 85 ya nini? Mtu aliyeishi karibu na bomba, au mtu aliyepata maji ndani ya ndoo mwezi wa nane?

Watasema vijana wa upinzani wanapinga maendeleo. Sawa, basi niwape mfano wa Tanzania hii hii, wa serikali hii hii, ambapo kazi ilifanyika vizuri. Nenda Makutupora, Dodoma. Mji mkuu wetu umekunywa kwa miongo mingi kutoka kwenye matale yaliyooza na kupasuka, mwamba wa nyufa kama wetu ingawa si wa aina moja. Pale kuna rekodi za kina cha maji tangu miaka ya 1950. Watu walipima, wakaandika, waliofuata wakapima, wakaandika. Kwa sababu ya madaftari hayo, watafiti waliweza kuonyesha mwaka 2013, kwenye jarida kubwa la kimataifa, kwamba hifadhi ile haijazwi taratibu kila mwaka. Inajazwa kwa vishindo, na miaka michache ya mvua kubwa sana, kama El Niño ya 1997/98, ndiyo inayobeba mzigo wa miaka mingi ya ukame. Huo ni ujuzi ambao huwezi kuununua kwa mtambo. Unaupata kwa mtumishi wa umma anayelipwa mshahara wake kwa wakati ili ateremshe kamba kisimani kila wiki.

Kagera tunastahili madaftari hayo. Tena sisi zaidi, kwa sababu tarehe 10 Septemba 2016 ardhi yetu ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, ikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tetemeko likipita kwenye mwamba wa nyufa linaweza kufungua njia mpya na kuziba za zamani. Kule California, baada ya tetemeko la Loma Prieta la 1989, vijito vilijaa ghafla bila mvua huku maji ya visima vya milimani yakishuka, yaani mlima ulikuwa unavuja. Mkoa uliotikiswa ungepimwa upya chemichemi na visima vyake vyote, kimoja kimoja. Sisi tuliishia kubishana michango imekwenda wapi.

Kuna jambo la pili ambalo mgao wa sahani unalificha, na hili linaua. Mchanga huchuja. Maji machafu yakipita kwenye mchanga mzuri kwa siku nyingi, vijidudu vingi hufia njiani. Ufa hauchuji. Ufa ni bomba. Choo cha jirani, zizi la ng'ombe, shimo la taka, vyote vinaweza kufika kisimani kwa saa au siku chache baada ya mvua moja kubwa, na ile kanuni ya "mita thelathini kutoka chooni" iliyokaririwa na kila mtu haina uhakika wowote kwenye mwamba uliopasuka. Kwetu nyumba iko ndani ya kibanja, choo kiko nyuma, ng'ombe yuko ubavuni, na kisima kinaletwa "karibu na wananchi" ili mama atue ndoo. Karibu kiasi gani, na upande gani wa mteremko? Hilo halimo kwenye hotuba.

Walkerton ni mji mdogo wa Kanada, jimbo la Ontario, watu kama 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, samadi kutoka shambani ikaingia kwenye kisima kifupi kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa wenye nyufa. Watu saba walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Nchi tajiri, klorini ipo, maabara ipo. Walichofanya baadaye ndicho kinachonivutia mimi mwanafunzi wa sheria: waliunda tume chini ya Jaji Dennis O'Connor, ikasikiliza ushahidi hadharani, ikachapisha kila kitu. Ikagundulika kwamba udhaifu wa kisima kile ulijulikana tangu kilipochimbwa mwaka 1978. Kwamba mkulima mwenye samadi alifuata taratibu. Kwamba waendeshaji wa kisima walikuwa wakiandika vipimo vya uongo, na serikali ya jimbo ilikuwa imepunguza usimamizi. Wawili walikiri makosa mahakamani. Sheria mpya zikatungwa. Sisi watu wakiugua tumbo baada ya mvua, tunaambiwa tuchemshe maji.

Wapo wanaoniambia, hata humu kwenye chama, achana na visima, ziwa lipo, vuta maji ya ziwa. Mimi wa Miembeni nakubali, mjini kwetu hilo ndilo jibu. Lakini uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kamachumu ziko juu yake kwa mita mia kadhaa. Kila lita unayoipandisha huko ina bili ya umeme, na bili ya umeme ikikwama kijiji kizima kinarudi bondeni. Vijiji vyetu vimetawanyika, kila kaya ndani ya migomba yake. Kwa watu hao maji ya nyufa, yanayojitokeza yenyewe chini ya genge bila kulipia LUKU, ni mali. Yatunzwe kama mali. Lakini unapita unakuta mikaratusi imepandwa juu kabisa ya chemichemi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 yenye mita zake sitini inakuwa pambo.

Haya, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini! Neno hilo lina uzito. Mdhamini hagawi mali ya watoto kwa kuangalia nani atamshukuru, na mdhamini anadaiwa hesabu. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayechimba kisima atunze kumbukumbu za alichokikuta na kuziwasilisha kwenye bodi ya bonde, na kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Wachimbaji nao wanatakiwa kuwa na leseni. Maana yake ni nini? Maana yake taarifa za kila shimo, lililopata na lililokosa, kina chake, mawe yake, saa za majaribio, kisheria zinapaswa kuwa mezani kwa mtu sasa hivi. Si siri ya jeshi.

Na shimo kavu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu limelipiwa na kodi yako, na kitu pekee lililozaa ni habari: hapa ufa haupo. Ukificha habari hiyo, mtambo unaofuata utakuja kuchimba pale pale.

Tunayo njia ya kuzipata. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mamlaka iliyoombwa ina siku 30. Ikikataa, itoe sababu. Usiporidhika, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi na kuendelea juu. Naijua vizuri tabia ya danadana, najua ofisa atakwambia njoo Jumatatu, faili liko Mwanza. Acha aseme, ila aseme kwa maandishi. Na tahadhari moja: sheria hiyo ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa, kwa hiyo tukizipata tunazichapisha kama zilivyo, hata zikiwapendeza CCM. Wakati ule wa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 kupinga takwimu za serikali lilikuwa kosa la jinai, mpaka kipengele hicho kikaondolewa 2019. Sasa hakuna kisingizio cha woga.

Kuna kesi ya Tabata ya mwaka 1988, Joseph Kessy dhidi ya Jiji la Dar es Salaam. Wakazi walichoshwa na moshi wa dampo, Jiji likaomba muda liendelee kumwaga takataka, na Jaji Lugakingira akakataa, akisimama kwenye ibara ya 14, haki ya kuishi. Wakazi wale hawakuwa na chama, walikuwa na pua. Sisi tuna pua, tuna simu, na tuna vijana kila kata.

Kwa hiyo barua ya Muleba naiandika mimi wiki hii, kwa RUWASA wilaya, nakala kwa bodi ya bonde. Naomba vitu hivi: orodha ya visima vyote vilivyochimbwa chini ya mpango wa 900 pamoja na vilivyokosa maji, ripoti ya utafiti wa kila eneo kabla ya kuchimba, tarehe na saa za majaribio ya kuvuta maji, kina cha maji cha mwezi Agosti na cha mwezi Aprili, na vipimo vya vijidudu baada ya mvua. Missenyi, Karagwe, Kyerwa, Ngara na Biharamulo bado hazina mtu. Anayechukua wilaya aandike jina lake chini hapa, nitamtumia nakala ya barua abadilishe majina tu. Bukoba Vijijini kuna watu wawili wameshaomba, wapatane wenyewe.